Mwenye Ofisi na Aliyekuja Kuomba

Kabla Majoka hajanyoosha mkono kumshika Ashua, jambo kubwa zaidi limekwisha kutendeka, nalo wasomaji wengi wa tamthilia ya Kigogo hulipita mbio. Soko la Chapakazi limefungwa. Ashua amesomea ualimu, lakini riziki yake na ya wanawe ilikuwa pale sokoni, na aliyefunga soko ni huyo huyo Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Watoto wana njaa. Mumewe, Sudi, ni mchongaji, na kazi pekee yenye fedha ya maana anayoletewa ni ile aliyoikataa, ya kuchonga kinyago cha shujaa ambaye mtawala anataka atukuzwe. Kwa hiyo mama huyu anaposhika njia kwenda ofisini kuomba msaada, haendi kama mtu aliyepima njia mbili akachagua moja. Njia nyingine zote zimezibwa na mtu yule yule anayemsubiri nyuma ya meza.

Ndipo mkono unapokuja. Majoka aliwahi kumtaka Ashua siku za nyuma, Ashua akamchagua Sudi. Sasa anamsogelea, anataka kumkumbatia, Ashua anajitoa. Halafu anaingia Husda, mke wa Majoka, na hasira yake yote inamwangukia Ashua. Wanawake wawili wanavaana ndani ya ofisi ya mwanamume mmoja. Anayelala korokoroni baadaye ni Ashua, na kufungwa kwake kunageuka chambo cha kumnasia mumewe: Sudi akubali kuchonga, mkewe atoke. Pauline Kea alichapisha tamthilia hii mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa ikawa kitabu cha lazima cha mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya. Ni vijana wengi mno waliopita katika ofisi ile wakiwa na umri wa miaka 16 au 17.

Walifundishwa kuona nini mle ndani? Vitabu vingi vya mwongozo humpanga Majoka chini ya vichwa viwili vilivyoachana: kwanza ni dikteta, halafu, mistari kadhaa chini, ni mkware. Mtu anasoma akidhani ni maradhi mawili yaliyompata mgonjwa mmoja kwa bahati mbaya. Mimi naona ni jambo moja. Mkware asiye na cheo, akimsogelea Ashua njiani, atasukumwa, atatukanwa, pengine atapigwa kofi, na yataishia hapo. Majoka anaweza kufanya alichofanya kwa sababu soko ni lake, polisi ni wake, jela ni yake, na hata ghadhabu ya mkewe inamwangukia mwingine. Tukiondoa hivyo vyote, tunabaki na mzee mmoja aliyekataliwa. Kea aliliona hili waziwazi. Ndiyo maana alifunga soko kwanza, ndipo akafungua mlango wa ofisi.

Ajabu ni kwamba sheria zetu zimeliona kabla ya uhakiki wetu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inapozungumzia unyanyasaji wa kingono inaanza na mtu mwenye mamlaka au anayeshika ofisi ya umma. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Zote mbili zinaanzia kwenye kiti, tamaa inafuata nyuma. Na mwaka 2024, Tanzania ilipoletewa pendekezo la kumfanya anayetoa ngono naye awe mkosaji, watetezi wa haki za wanawake walilipinga kwa hoja ambayo msomaji makini wa Kigogo angeielewa mara moja: huwezi kumhukumu aliyekuja kuomba kwa mizani ile ile unayomhukumia mwenye ofisi.

Basi hicho ndicho kipimo ninachokwenda nacho ninapoingia ukumbini au ninapofungua kitabu cha tamthilia inayogusa jambo hili. Je, mtunzi ametuonyesha mamlaka yakifanya kazi kabla ya mkono kunyooka? Wengi hawaonyeshi. Wanatuletea mwanamume mwenye macho ya fisi na msichana anayelia, tunamlaani yule na kumhurumia huyu, tunarudi nyumbani bila kujua chochote kuhusu namna jambo lenyewe linavyotengenezwa.

Tamthilia iliyozua ugomvi mkubwa kuliko zote katika suala hili ilitoka Marekani. Oleanna ya David Mamet ilianza kuchezwa Cambridge, Massachusetts, Mei 1992, ikahamia New York Oktoba mwaka huo. Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1991, Wamarekani walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakimtazama Anita Hill, profesa wa sheria, akiieleza kamati ya Baraza la Seneti yale aliyosema kwamba alitendewa na Clarence Thomas alipokuwa mkubwa wake wa kazi. Waliokuwa wakimhoji wote walikuwa wanaume. Thomas alikanusha, kisha akathibitishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kwa kura 52 dhidi ya 48. Watu walioingia kutazama Oleanna waliingia na hayo vichwani, kila mmoja na hukumu yake tayari.

Wahusika ni wawili tu. John ni mhadhiri ambaye kamati inakaribia kumthibitisha katika ajira ya kudumu, naye yumo mbioni kununua nyumba. Carol ni mwanafunzi anayefeli somo lake. Taa zinapowaka John yuko kwenye simu, anazungumza habari za nyumba, na Carol amekaa anasubiri. Anasubiri sana. John anapokata simu na kumgeukia, hamwachi amalize sentensi. Kila akianza kusema, ama John anamkatiza, ama simu inalia tena. Binti anasema haelewi kitu, kila siku anaandika anachoambiwa na bado haelewi. Mhadhiri, kwa ukarimu ambao yeye mwenyewe anauamini, anamwambia mambo ya alama yasimsumbue: atampa alama ya juu kabisa, mradi aje ofisini mara kadhaa wazungumze. Masharti ya chuo anayaweka kando kwa neno moja. Katika kumtuliza anamwekea mkono begani, na binti anajitoa.

Sijui onyesho jingine la kisasa linalofundisha kazi ya cheo vizuri kama hilo la kwanza la Oleanna. Hakuna tusi, hakuna kitisho. John si Majoka, na anajiona rafiki wa wanafunzi. Lakini tazama vitu vilivyomo chumbani na nani anavimiliki. Simu ni yake, kiti kilicho nyuma ya meza ni chake, muda ni wake, na alama ni zake kiasi kwamba anaweza kuzifuta na kuzigawa upya kama karanga. Hata wema wake ni wa mwenye mali. Carol hana hata nafasi ya kumaliza sentensi. Mamet anaonyesha kwamba mtu anaweza kudhalilishwa katika chumba ambamo hakuna aliyekusudia kumdhalilisha, na hilo wengi wetu tuliopita vyuoni tunalijua bila kuhitaji kusimuliwa.

Kisha tamthilia inageuka, na hapo ndipo ninapoachana na Mamet. Katika sehemu ya pili Carol anarudi akiwa mtu mwingine. Amepeleka malalamiko kwenye kamati, anazungumza kwa msamiati mpya, na nyuma yake kuna kundi ambalo hatulioni. John anamwita ofisini kumsihi; Carol anapotaka kutoka, anamshika kumzuia. Katika sehemu ya tatu John amepoteza kazi na nyumba inaondoka. Carol anamwekea sharti, ziondolewe vitabu fulani katika masomo, kikiwemo cha John mwenyewe, kisha inadhihirika kwamba tendo la kumshika limekwisha kupelekwa mbele kama jaribio la ubakaji. John anampiga, anainua kiti juu yake. Huko New York, inasimuliwa na waliokuwepo, baadhi ya watazamaji walishangilia kipigo hicho kwa sauti.

Mamet amejitetea mara nyingi kwamba tamthilia yake haina upande, kwamba wote wawili wana haki na wote wana makosa. Nimeisoma kwa kuitafuta mizani hiyo, na siioni. Tunajua nyumba ya John, mkewe, mtoto wake, hofu zake, hadi mambo ya utotoni mwake. Kuhusu Carol hatuambiwi ametoka wapi, analala wapi, nani anamlipia ada. Kundi lake halina uso. Mtunzi amempa mmoja maisha na mwingine hoja tupu, halafu anawataka watazamaji wawapime kama watu wawili. Wanaume walioshangilia hawakushangilia kwa bahati mbaya, walikuwa wameandaliwa kwa saa nzima. Harold Pinter alipoiongoza pale Royal Court, London, mwaka 1993, alitumia mwisho tofauti na ule wa New York, na hilo peke yake linaonyesha kwamba watu wa jukwaa wenyewe walihisi uzito uko upande gani.

Nimekaa sana kwa Mamet kwa sababu kosa lake ndilo linalotujia kirahisi hata sisi. Tunapenda kusema kwamba wapo wasichana wanaowasingizia walimu, na wapo wanaojipeleka wenyewe. Katika maisha yasiyo na kipimo, kila kitu kimewahi kutokea mahali fulani. Lakini jukwaa lina saa mbili tu, na mtunzi anayechagua kuzitumia saa zake kwa msichana mwongo amechagua. Hawezi kujificha nyuma ya neno maisha.

Kuna jambo ambalo tamthilia inalo na riwaya haina. Unyanyasaji wa aina hii hutaka mlango ufungwe. Nguvu yake yote iko katika kukosa shahidi: neno lako kwa neno la mkubwa, na la mkubwa lina muhuri. Jukwaa linaondoa ukuta mmoja wa chumba hicho na kuweka watu mia mbili mahali pake. Wote wameona. Hakuna anayeweza kusema hakuwepo. Katika onyesho la Ashua hakuna mtazamaji anayeondoka na shaka juu ya nani alimsogelea nani, na ndiyo maana inauma kuona, mbele ya macho yetu sisi mashahidi, Ashua akipelekwa jela na Majoka akiendelea na shughuli zake. Shaka ya Mamet na uwazi wa Kea ni njia mbili za kumtumia shahidi. Ya Kea naiona ngumu zaidi, ingawa watu husifu zaidi ya Mamet. Kuwaachia watazamaji fumbo si kazi kubwa. Kazi ni kuwafanya waone kila kitu na bado wakose la kufanya, kwa kuwa aliyekosea ndiye mwenye funguo.

Paula Vogel, Mmarekani pia, alitumia njia ya tatu katika How I Learned to Drive ya mwaka 1997, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Msichana anafundishwa kuendesha gari na mume wa shangazi yake, na ndani ya gari hilo, kwa miaka, yanatendeka yasiyosemeka. Vogel anakirudisha kisa nyuma kidogo kidogo, hadi tunafika mwanzo wake na kugundua umri aliokuwa nao mtoto. Mamlaka hapa ni ya undugu na ya mwalimu kwa pamoja, na mtu mwenyewe ni mpole, anapendeka. Ndilo linalotisha.

Suzie Miller wa Australia alikwenda mahakamani. Prima Facie, iliyoanza Sydney mwaka 2019, ina mwigizaji mmoja tu. Tessa ni wakili hodari aliyejenga jina kwa kuwatetea wanaume wanaoshtakiwa kubaka; anajua kuvunja ushahidi wa mwanamke swali kwa swali. Kisha anabakwa na wakili mwenzake, naye anapanda kizimbani kuulizwa maswali yale yale aliyokuwa akiyauliza. Jodie Comer aliicheza London mwaka 2022 na New York mwaka 2023, akapata tuzo za juu za miji yote miwili. Uamuzi wa kumweka peke yake jukwaani ndio uliobeba mchezo. Mtuhumiwa, majaji, polisi, wote wanapita kwa sauti na mwili wake mmoja, na mwanamke ambaye mahakama haikumwachia nafasi ya kusimulia kwa mpangilio wake anapewa jukwaa zima, bila mtu wa kumkatiza.

Huku kwetu kuna kikwazo ambacho sioni kikiandikwa vya kutosha, nacho ni kicheko. Ukikaa katika ukumbi wa Dar es Salaam au Nairobi, bosi akimzunguka sekretari mezani, watu wanacheka. Baba mwenye nyumba akimnyemelea msichana wa kazi, watu wanacheka zaidi. Kicheko hiki kina historia. Vichekesho vya mijini vya enzi ya ukoloni, ambamo mara nyingi sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume, na baadaye maigizo ya vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilivyojaza kumbi za Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990, viliujenga mchezo wa mzee mtongozaji kuwa chombo cha furaha. Kilikuwa na uzuri wake, kwa kuwa mzee huyo kwa kawaida huumbuka mwishoni, na watu wadogo hufurahi kumwona mkubwa akiumbuka. Lakini mwili wa watazamaji umejifunza kucheka mapema, kabla ya kujua kama safari hii kuna anayeumia.

Kucheka kwenyewe si adui. Mwaka 2012, katika tamasha la kucheza tamthilia zote za Shakespeare kwa lugha mbalimbali kwenye ukumbi wa Globe, London, kikundi kutoka Kenya kilicheza kwa Kiswahili ule mchezo wa wake wawili wa Windsor. Mwungwana aliyefilisika anawaandikia wanawake wawili walioolewa barua moja ile ile ya mapenzi, akitegemea cheo chake kimfungulie milango na mifuko ya waume zao. Wanawake wanaonyeshana barua. Kuanzia hapo kicheko chote ni chao. Wanamtia mtu mzima ndani ya kapu la nguo chafu na kumtupa mtoni. Yule mwungwana alikuwa na uhakika kwamba kila mwanamke ataificha barua yake kwa aibu. Hawakuificha. Mwongozaji wa kwetu anayetaka kumchezesha bosi na sekretari angefaa ajiulize kicheko kinamtoka nani na kinamwangukia nani, na kama jibu ni kwamba kinamwangukia sekretari, mazoezi yaanze upya.

Na tusisahau ugomvi wa Husda na Ashua, maana pale Kea amegusa kitu ambacho Penina Muhando alikigusa miaka zaidi ya thelathini kabla yake. Katika Nguzo Mama, iliyotoka mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Kila mmoja ana mzigo wake: waume, mashemeji, umaskini, na pia wivu na majungu ya wao kwa wao. Wapo walioisoma kama lawama kwa wanawake. Naisoma kama maelezo ya mtambo. Mfumo unaomkandamiza mwanamke hauna haja ya kutuma askari kila siku, kwa kuwa Husda atafanya kazi hiyo bila malipo. Mke wa mkubwa akimwona mwanamke ofisini kwa mumewe, anamwona mwizi. Hamwoni mwombaji aliyefungiwa soko. Majoka hana haja hata ya kujitetea.

Muhando, ambaye kitaaluma anajulikana pia kama Penina Mlama, anastahili kukaliwa zaidi ya hapo, kwa kuwa hakuishia kwenye kuandika. Tamthilia yake ya mapema, Hatia, ya mwaka 1972, tayari ilikuwa imeuliza nani abebe lawama msichana akipata mimba nje ya ndoa. Muongo mmoja baadaye, yeye na Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, katika kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, 1982 hadi 1983. Utaratibu ulikuwa wa kukaa na wanakijiji, kuuliza, kuchambua, kisha kuyatoa matatizo yao kwa ngoma na michezo wanayoitunga wenyewe na kuyajadili papo hapo. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wadogo. Jambo ambalo kijijini huzungumzwa kama utovu wa adabu wa mabinti lilipopanda jukwaani likawa na wahusika zaidi ya mmoja. Mimba inahitaji mwanamume, na ukimcheza mwanamume huyo lazima umpe umri, kazi, na mfuko.

Kisha, mwaka 1996, ukaja Tuseme. Idara ya sanaa za maonyesho ya chuo hicho hicho ilipeleka njia ile ya Malya katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe wanachunguza kinachowazuia kusoma, wanayachambua waliyoyapata, wanatunga igizo, wanalicheza mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo, na baada ya igizo panafanyika mjadala wa kukubaliana hatua za kuchukua. Klabu ya Tuseme inabaki kufuatilia. Yaliyotajwa ni pamoja na usumbufu wa kingono, wa wanaume wa nje ya shule na wa walimu wenyewe. Baadaye shirika la FAWE, ambalo Mlama aliliongoza, liliieneza njia hii katika nchi nyingi za Afrika.

Hebu tulitazame hilo igizo kwa karibu. Msichana wa kidato cha pili anamcheza mwalimu. Amevaa koti lililompwaya, ameshika madaftari, anamwambia mwenzake amfuate nyumbani kwake kuchukua matokeo ya jaribio. Watazamaji wanajua ni mwalimu gani, au wanajua aina yake. Mwalimu wa kweli amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Jina lake halitajwi, kwa hiyo hana la kukanusha, na akisimama kulalamika atakuwa amejitaja. Mtoto ambaye akisimama peke yake ofisini kwa mkuu wa shule ataulizwa maswali hadi anyamaze, hapa amesimama na darasa zima nyuma yake, na tuhuma imetolewa kwa sauti ya pamoja ambayo hakuna anayeweza kuiadhibu kwa kumwita mmoja. Mamet alipoliweka kundi nyuma ya Carol, alilichora kama kitu cha kutisha. Wasichana wa Tuseme wanaonyesha kundi ni la nini. Asiye na cheo hana ngao nyingine.

Ndiyo maana wenye mamlaka huogopa wasichana wakipanda jukwaani, hata pale igizo linapohusu mambo mengine kabisa. Aprili 2025, wanafunzi wa shule ya Butere Girls walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la maigizo la Kenya wakiwa na mchezo wa kuikosoa serikali, wakakutana na polisi na mabomu ya machozi.

Yupo mwingine mwenye ofisi ambaye sijamtaja, naye ni mtu wa tamthilia mwenyewe. Mwongozaji ndiye anayegawa sehemu. Mazoezi hufanyika jioni, baada ya kazi au masomo, katika majengo ambayo watu wengine wote wameshaondoka. Kugusana ni sehemu ya kazi. Msichana akisema hataki kushikwa vile, huambiwa hajaiva kisanaa. Mkate wa mwigizaji asiye na mkataba uko mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akikasirika anapiga simu mbili tu na kikundi kingine nacho kinamfungia mlango. London, yalipofumuka madai ya unyanyasaji dhidi ya mtengenezaji filamu Harvey Weinstein mwaka 2017, Vicky Featherstone wa Royal Court aliwaita watu wa sanaa za jukwaani kusimulia yaliyowapata, na ukumbi wake ukatoa kanuni za mwenendo zilizoandikwa. Vikundi vyetu vingi vina katiba ya kugawana mapato na ratiba ya ngoma, lakini havina karatasi hata moja inayosema mwigizaji akisumbuliwa na mwongozaji ampelekee nani malalamiko.

Na kuna chuo. Novemba 2018, Rais Magufuli alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, Vicensia Shule, mhadhiri wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho, aliandika hadharani kwenye mtandao wa Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Baadaye aliitwa kujieleza. Aliyesema hakuwa mwanasheria wala mwanasiasa, alikuwa mtu wa jukwaa, kutoka idara ile ile iliyozaa Tuseme. Naona fahari katika hilo, na naona pia deni. Shule za sekondari zilipewa njia ya kusema mwaka 1996, na wasichana wale wale walipofaulu na kuingia chuo kikuu walikuta hakuna jukwaa la namna hiyo linalowangoja.

Tamthilia ya Kiswahili imemwandika chifu, mtawala, tajiri, shemeji anayetaka kumrithi mjane, kama Kithaka wa Mberia alivyofanya katika Natala. Ofisi ya mhadhiri bado haijapata tamthilia kubwa ya Kiswahili inayolingana na uzito wake. Atakayeiandika asianze na mkono. Aanze na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye utafiti wake umekaa mezani kwa msimamizi miezi mitatu haujasomwa, na mkopo wake unaisha Juni. Aweke barua za kuomba miadi zisizojibiwa, na ujumbe wa simu wa saa nne usiku unaojibu zote kwa pamoja. Amweke katibu muhtasi, mama wa makamo, anayekaa nje ya mlango na anayejua kila aliyeingia na alivyotoka, ana watoto watatu shuleni na anamtegemea bosi huyo huyo kwa mkataba wake wa kila mwaka. Onyesho la katibu huyu kuitwa mbele ya kamati ndilo ningependa kuliona likichezwa, ndani ya ukumbi wa chuo chenyewe, wahadhiri wakiwa wamealikwa.